Kanisa la Mziba Sufuria na Wachungaji Wake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Sisi ambao bado hatujaishi kwingi tuna njia ya mkato, nayo ni kusoma. Basi leo nawaombeni mfunge virago tusafiri hadi Uingereza, katika mji wa Bedford ulio kando ya mto Ouse, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka London. Wakati wa kisa hiki Bedford ulikuwa mji mdogo tu, wa soko na daraja, na watu wake walijuana kwa majina. Katika mji huo kuna kanisa lililoanzishwa mwaka 1650 na ambalo liko hadi leo.

Najua kuna wanaojiuliza, "Kanisa la Wazungu linahusu nini Chama cha Kiswahili?" Swali zuri. Kwanza, mmoja wa wachungaji wa kanisa hilo aliandika kitabu ambacho wengi wetu tumekiona nyumbani kwa nyanya, kile kiitwacho Safari ya Msafiri. Pili, mtaani kwetu, na bila shaka hata mtaani kwenu, makanisa yanagawanyika kama ile amiba tuliyochora katika somo la biolojia. Mwaka huu bango moja, mwaka ujao mabango mawili yanayotazamana, na majirani waliokuwa wakiimba kwaya moja hawasalimiani tena. Kwa hiyo nilitaka kujua: kanisa dogo linawezaje kudumu zaidi ya miaka 370, tena likiwa na watu wasiokubaliana juu ya jambo kubwa kama ubatizo?

MCHUNGAJI WA KWANZA: ALIYEKIKIMBIA KITANZI

Miaka ya 1640 Waingereza walipigana wao kwa wao. Upande mmoja ulikuwa jeshi la Mfalme Charles wa Kwanza, na upande wa pili jeshi la Bunge. Katika jeshi la Mfalme alikuwamo meja mmoja aitwaye John Gifford. Mwaka 1648 alikamatwa katika vita vya Maidstone, akahukumiwa kunyongwa. Usiku wa mwisho dada yake alikuja kumwona. Kumbe walinzi walikuwa wamelala! Gifford akachomoka, akajificha mtaroni siku tatu, halafu akatorokea London na mwishowe akafika Bedford. Huko akafanya kazi ya udaktari.

Msidhani aliingia mjini akiwa mtakatifu. La hasha! Alikuwa mlevi na mcheza kamari, na watu wa dini aliwachukia kupindukia. Usiku mmoja alipoteza pauni 15 katika kamari, na siku hizo pauni 15 hazikuwa pesa za kuchezea. Alishikwa na hasira na majuto, akachukua kitabu cha dini akaanza kukisoma, na kuanzia hapo akageuka kabisa. Wacha Mungu wa Bedford walimwogopa mwanzoni, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini polepole walimwamini. Mwaka 1650 watu 12, yeye akiwa miongoni mwao, walijiunga wakawa kanisa, wakamchagua awe mchungaji wao.

Hapa ndipo palipo na kiini cha makala haya. Wakati ule Wakristo waligombana vikali juu ya ubatizo. Wabaptisti walishikilia, na wangali wanashikilia, kwamba anayefaa kubatizwa ni mtu aliyekua na kuamini mwenyewe, tena azamishwe majini. Wengine walibatiza watoto wachanga. Yako makanisa yaliyokataa kabisa kula meza moja ya Bwana na mtu aliyebatizwa kwa njia nyingine. Gifford na wenzake walikata shauri tofauti: mtu atapokelewa kwa imani yake na kwa mwenendo wake mwema, basi. Mambo ya nje, kama vile namna ya kubatizwa, hayatakuwa mlango wa kumfungia mtu nje. Ndiyo maana kanisa la Bedford huhesabiwa kuwa la Wabaptisti na pia la wale wanaobatiza watoto.

Gifford alifariki mwaka 1655. Akiwa kitandani mwa mauti aliwaandikia waumini barua akiwasihi wasije wakatengana kwa ajili ya mambo hayo ya nje. Wosia huo uwekeni akilini, tutaurudia.

FUNDI ANAPANDA MIMBARI

Baada ya Gifford alikuja John Burton, mtu mwenye elimu lakini afya yake ilikuwa tia maji tia maji. Alihitaji wasaidizi, na mmoja wa wasaidizi hao alikuwa fundi wa kuziba sufuria, John Bunyan.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 huko Elstow, kijiji kilicho karibu kabisa na Bedford. Baba yake alikuwa fundi, naye akairithi kazi hiyo, akizunguka vijijini na vifaa vyake mgongoni akiziba masufuria na birika zilizotoboka. Kwa lugha yetu, alikuwa mtu wa jua kali. Shule aliiona kidogo tu, ya kujua kusoma na kuandika. Alipokuwa na miaka 16, yaani umri wangu hasa, alikuwa tayari mwanajeshi upande wa Bunge. Hebu fikiria: Gifford alipigania Mfalme, Bunyan alikuwa jeshi la Bunge, na baadaye mmoja akawa mchungaji wa mwenzake!

Alioa mke maskini kama yeye. Bunyan mwenyewe asimulia kwamba hawakuwa hata na sahani na kijiko, na mali aliyokuja nayo bibi arusi ilikuwa vitabu viwili vya dini. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu. Siku moja, akiwa kazini Bedford, Bunyan alipita penye mlango ambapo wanawake watatu au wanne maskini walikuwa wameketi juani wakizungumza mambo ya Mungu. Alisogea ili naye achangie, maana domo alikuwa nalo, lakini alijikuta hana la kusema. Wanawake wale walikuwa waumini wa Gifford. Hivyo ndivyo alivyoingia kanisani: si profesa aliyemvuta, bali akina mama waliokuwa wakiota jua.

Alipoanza kuhubiri, watu walijaa kumsikiliza. Wasomi nao wakanuna. Mwaka 1659 msomi mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge alimjia juu hadharani, ati mziba sufuria ana ruhusa gani ya kuhubiri? Swali hilo, la nani anayeruhusiwa kusema, lilikuwa karibu kumgharimu kila kitu.

MIAKA 12 NDANI

Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa nchini, na Charles wa Pili akakalia kiti. Kanisa la Gifford lilikuwa likitumia jengo la Mtakatifu Yohana pale mjini. Wakatolewa. Mwaka huo huo Burton akafa. Yaani kundi lilibaki bila jengo na bila mchungaji. Kisha serikali ikaanza kutumia sheria ya mwaka 1593 iliyokataza ibada nje ya Kanisa la Uingereza.

Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alialikwa kuhubiri katika nyumba moja huko Lower Samsell. Alipofika aliambiwa kwamba hati ya kumkamata imeshatolewa, na akitaka angeweza kwenda zake. Alikataa. Aliona kwamba mhubiri akitimua mbio, wale wachanga katika imani watavunjika moyo. Akakamatwa, na Januari 1661 akahukumiwa jela miezi mitatu kwanza. Aliambiwa kwamba asipoacha kuhubiri atafukuzwa nchini, na akirudi bila kibali atanyongwa. Jibu lake ni kwamba wakimfungulia leo, kesho atahubiri.

Miezi mitatu iligeuka kuwa miaka 12! Na hapa msomaji ukumbuke kwamba mlango wa jela ulikuwa na kufuli mbili. Moja ilikuwa ya serikali, na nyingine ufunguo wake alikuwa nao Bunyan mwenyewe. Angetamka tu, "Sitahubiri tena," angekwenda nyumbani kwa watoto wanne, mmoja wao kipofu. Aliandika baadaye kwamba kutengana nao kulikuwa kama kunyofolewa nyama mifupani, hasa alipomfikiria Mary. Lakini hakutamka.

Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki. Mke wa pili, Elizabeth, alikuwa mjamzito Bunyan alipokamatwa, na kwa mshtuko akapoteza mimba. Mama huyu hakukaa akilia tu. Alisafiri hadi London kupeleka ombi kwa Malodi wa Bunge. Agosti 1661 alisimama mbele ya majaji huko Bedford, mwanamke mmoja katikati ya wakubwa, akawaeleza kwamba ana watoto wanne wa kulea na hawana chochote ila misaada ya wasamaria. Jaji Matthew Hale alimhurumia, lakini hakuweza kubadilisha hukumu. Mimi naona kwamba historia ikiandikwa sawasawa, Elizabeth ahesabiwe miongoni mwa nguzo za kanisa hili, hata kama hakuwahi kuitwa mchungaji.

Jela ya siku hizo haikukulisha. Bunyan alijifunza kusuka kamba za kufungia viatu na nguo, zenye ncha za chuma, akatengeneza maelfu ili ziuzwe na familia ipate chakula. Kazi za mikono hazimtupi mtu. Usiku aliandika. Mwaka 1666 kilitoka kitabu alichosimulia maisha yake. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaoijua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa kifungoni na kuchapishwa mwaka 1973, hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba kalamu haifungwi pingu.

Na waumini je? Walikutana majumbani, wakihamahama kama ndege aliyebomolewa kiota. Mwaka 1670 ilipita sheria kali zaidi, na wakuu wa mji wakavamia ibada na kuwatoza faini. Aliyeshindwa kulipa alinyang'anywa vyombo, hata birika la shaba la muuza duka lilichukuliwa. Lakini watu wa Bedford walijua kugoma. Wachukuzi wa sokoni walikimbia ili wasilazimishwe kubeba mali ya jirani zao, na maduka yakafungwa. Ofisa mmoja alipokuwa akihangaika kuvunja ghala la mtu, wapo waliomfungia mkia wa ndama mgongoni, umati ukaangua kicheko! Ama kweli, mnyonge hana silaha lakini kicheko anacho.

MCHUNGAJI MFUNGWA, KANISA GHALANI

Januari 1672 kanisa lilifanya jambo ambalo mimi bado linanishangaza. Walihitaji mchungaji, nao wakamchagua Bunyan, naye bado ni mfungwa! Mnaokumbuka uchaguzi wa viranja na jinsi tunavyotafuta asiye na doa hata moja katika daftari la mwalimu wa zamu, jiulizeni kama mngethubutu.

Machi mwaka huo Mfalme alitangaza kulegeza sheria za ibada, na Bunyan akaachiliwa. Agosti wakanunua ghala la nafaka na shamba la matunda pembeni mwake kwa pauni 50. Ghala hilo ndilo lililokuwa kanisa lao kwa miaka 35, mpaka walipojenga jengo jipya mwaka 1707.

Mwaka 1673 Bunyan alitetea ule wosia wa Gifford. Wabaptisti wenye msimamo mkali wa London walimlaumu kwa kushirikiana na watu wasiozamishwa majini. Yeye akawajibu kwa kijitabu kilichosema wazi, tangu kichwa chake, kwamba tofauti juu ya ubatizo wa maji si kizuizi cha ushirika. Alifungwa tena kwa miezi kadhaa kati ya 1676 na 1677, halafu mwaka 1678 akatoa kile kitabu chetu.

Kisa chake ni cha mtu aitwaye Mkristo, anayetoka Mji wa Uharibifu akiwa na mzigo mgongoni kuelekea Mji wa Mbinguni. Njiani anazama katika kinamasi cha kukata tamaa, anapita sokoni kunakouzwa kila aina ya ubatili, na rafiki yake anauawa huko baada ya kesi ya uonevu. Ukijua habari za aliyeandika, unaona mzigo ule umetoka wapi: ni wa fundi anayetembea vijijini na vyuma vyake mgongoni. Na majaji wa soko lile alikuwa amekwisha kukutana nao ana kwa ana. Wasomi wengi huamini kwamba alianza kukiandika akiwa kifungoni. Kitabu hicho kimetafsiriwa katika lugha zipatazo 200, kama 80 kati yake zikiwa za Afrika, na Kiswahili kilikuwa na tafsiri yake kabla karne ya 19 haijaisha.

Agosti 1688 Bunyan alikwenda Reading kupatanisha baba na mwana waliogombana. Akafaulu. Kutoka hapo alipanda farasi kwenda London, akanyeshewa na mvua kubwa, akashikwa na homa, na tarehe 31 akaaga dunia. Alikufa kwa ajili ya upatanisho, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

MTIHANI WA MWAKA 1772

Wachungaji waliofuata hawakuwa na majina makubwa. Ebenezer Chandler alilitunza kundi tangu miaka ya mwanzo ya 1690 hadi 1747, zaidi ya nusu karne! Tungeweza kumsahau, lakini kanisa hujengwa pia na watu wa kufungua mlango na kuufunga kila Jumapili.

Kisha mtihani ukaja. Mwaka 1772 mchungaji Joshua Symonds alitangaza kwamba amebadilisha mawazo: sasa yeye ni Mbaptisti, na ubatizo wa watoto wachanga haukubali. Kanisa likatikisika. Waliobaki walipatana naye kwamba ataendelea kuwa mchungaji, ila asilete ubishi wa ubatizo mimbarini. Wengine walishindwa kuvumilia, wakatoka, wakaanzisha kanisa lao papo hapo mjini. Wosia wa Gifford ulipasuka, ingawa haukuraruka wote.

Miongoni mwa waliotoka alikuwamo tajiri mmoja, John Howard. Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa sherifu wa kaunti ile, cheo ambacho wengi walikichukua kuwa cha heshima tu. Yeye akaenda kukagua jela. Na ni jela gani? Ile ile ya kaunti aliyofungiwa Bunyan! Akakuta watu ambao mahakama imeshawaachilia lakini bado wako ndani, kwa sababu hawana pesa za kumlipa bwana jela. Bwana jela hakuwa na mshahara, alikula kwa ada za wafungwa. Howard akazunguka jela za kaunti nyingine, akakuta ni yale yale, pamoja na homa iliyoua wafungwa wengi kwa sababu ya uchafu. Mwaka 1774 Bunge likapitisha sheria mbili, moja ya kuondoa ada hizo na nyingine ya afya za wafungwa. Mwaka 1777 akatoa kitabu juu ya hali ya magereza, na aliendelea kukagua magereza ya nchi mbalimbali hadi alipofia safarini huko Kherson mwaka 1790.

Na jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba Howard na Symonds waliendelea kuwa marafiki na kuandikiana barua. Walitengana mlango wa kanisa, hawakutengana mioyo. Mabango yetu yanayotazamana yangejifunza hapo.

HADI LEO

Jengo linalotumika sasa lilifunguliwa mwaka 1850. Milango yake ya shaba nyeusi, yenye picha za kisa cha Msafiri, ilitolewa na Mtawala wa Bedford mwaka 1876. Yaani ukoo wa mabwanyenye ulimpamba fundi ambaye mabwanyenye wa zamani walimfunga. Mchungaji John Brown, aliyehudumu tangu 1864 hadi 1903, aliandika maisha ya Bunyan mwaka 1885, na mjukuu wake ni John Maynard Keynes, yule mwanauchumi maarufu. Kando ya kanisa kuna jumba la makumbusho lenye tafsiri za kitabu katika lugha nyingi.

Basi jibu la swali langu ni lipi? Kanisa hili halikudumu kwa sababu watu wake walifanana. Lilikuwa na meja wa Mfalme na askari wa Bunge, mlevi aliyetubu, fundi na tajiri. Lilidumu kwa sababu mapema sana walitenganisha jambo la kufia na jambo la kuvumiliana. Bunyan alikubali miaka 12 jela kwa ajili ya haki ya kuhubiri, lakini alikataa kumfungia mtu mlango kwa sababu ya maji ya ubatizo. Wengi wetu hufanya kinyume: kwenye kubwa tunanyamaza, kwenye dogo tunapigana.

Hata katika chama chetu, tukianza kuchekana lafudhi, ati huyu ni wa bara na yule ni wa pwani, tutabaki na mabango mawili na wanachama watatu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Makanisa ya mtaani kwetu nayo hayajachelewa, kwani walioimba kwaya moja bado wanazijua nyimbo zile zile.